Mwalimu Enoch wa Nancefield na Wimbo wa Mstarini

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi Tanzania tunaukumbuka mstari wa asubuhi. Viranja wanapita kukagua kucha na kola za mashati, mwalimu wa zamu amesimama mbele, bendera inapandishwa taratibu, na mtoto mmoja mwenye sauti nzuri anaanzisha. Shule nzima inapokea. Tuliuimba wimbo ule tukiwa na usingizi, tukauimba na njaa, na waliochelewa waliuimba wakijua viboko vinawasubiri ukiisha. Hatukuuliza nani aliutunga. Ulikuwepo tu, kama mwembe wa pale uwanjani uliotukuta tunazaliwa.

Swali hilo limetufuata mpaka huku Johannesburg. Kila tunapokutana Desemba 9 au siku ya Muungano, wimbo ukishaimbwa na watu wakishakaa, tukiuliza mtunzi ni nani, majibu huwa mengi. Mmoja atasema Mwalimu Nyerere. Mwingine atasema mmisionari wa Kiingereza. Wa tatu, kwa kuwa amewasikia Waafrika Kusini wakiimba sauti ileile kwa Kixhosa na Kizulu, atasema kwa kujiamini kabisa kwamba jamaa hawa walituibia. Hapo kicheko huzuka, chakula huletwa, na mtunzi husahaulika tena.

Safari hii tumeona tumwandike. Kaburi lake liko Braamfontein, si mbali na Park Station ambako wengi wetu tuliteremka kwenye basi na begi moja, tukitafuta namba ya simu ya mtu wa kwetu. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga.

Alizaliwa Uitenhage, katika Koloni la Cape, yapata mwaka 1873. Alikuwa Mxhosa, na kama vijana wengi wa Kixhosa waliopata bahati ya shule wakati ule, alipitia mikononi mwa wamisionari. Ualimu aliusomea Lovedale, chuo cha Waskoti ambacho kwa watu wa Cape kilikuwa na heshima kama waliyokuwa nayo Makerere na Tabora kwa wazee wetu. Alipomaliza alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, kusini-magharibi ya Johannesburg, upande ambao leo ni Soweto.

Ni vizuri tukumbuke Johannesburg ya siku zile ilikuwaje. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1886, na kabla ya hapo hapakuwa na mji. Sensa ya mwaka 1896, miaka kumi tu baadaye, ilihesabu watu zaidi ya laki moja. Walitoka Cape, Basuto, Natal, Msumbiji, Ulaya na kwingineko. Karibu kila mtu alikuwa mgeni, na kila mmoja alikuwa na kwao alikokusudia kurudi akishapata. Mwafrika alilazimika kutembea na pasi, na asiyekuwa nayo alikamatwa. Wanaume walilala mabweni ya migodi, wakashuka chini ya ardhi alfajiri, na wengine hawakupanda tena. Ndugu wasomaji, yeyote aliyewahi kupanga foleni ya vibali katika mji huu hana haja ya kuelezwa zaidi.

Basi Sontonga naye alikuwa mtu wa kuja. Kutoka Uitenhage mpaka hapa ni mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Alikaa akifundisha miaka kama minane, na kwa mshahara wa mwalimu wa misheni hakuishi kwa kazi moja. Alikuwa mpiga picha. Alikuwa mshairi. Jumapili alihubiri, ingawa hakuwa kasisi, katika kanisa la Mchungaji P. J. Mzimba, yule aliyejitenga na Waskoti mwaka 1898 na kuanzisha kanisa la Kipresbiteri linaloongozwa na Waafrika wenyewe. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji mwenye jina katika kanisa la African Methodist Episcopal, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Na juu ya yote hayo alikuwa mwalimu wa kwaya.

Hapa tunaomba wanakwaya miongoni mwetu watusaidie, maana wao ndio watakaomwelewa Sontonga kuliko sisi wengine. Muziki alioufahamu uliandikwa kwa solfa, zile herufi za do, re, mi zinazopangwa juu ya maneno, soprano juu, alto chini yake, kisha tena, kisha besi. Ni mtindo uliotoka Uingereza, ukaenezwa na wamisionari kusini mwa Afrika, na baadaye ukafika kwetu. Mwalimu wa solfa hahitaji kinanda. Anahitaji ubao, chaki, na watu wenye masikio. Ndiyo maana muziki huu uliota mizizi upesi katika shule za maskini, kuanzia Cape mpaka Usambara na Bukoba.

Mwaka 1897 Sontonga, akiwa na miaka ishirini na minne hivi, alitunga wimbo wa wanafunzi wake: ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa. Aliuita Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani Mungu ibariki Afrika. Ulikuwa wimbo wa shule, wa kuimbwa na watoto. Wataalamu wa muziki wameuchambua sana. Wapo wanaosikia ndani yake mwangwi wa tenzi ya Kiwelisi iitwayo Aberystwyth, iliyotungwa na Joseph Parry na kuchapwa mwaka 1879. Inawezekana kabisa, mwalimu wa kwaya ya misheni hupumua tenzi usiku na mchana. Lakini tenzi nyingi za siku zile humwombea mwimbaji na roho yake. Mwalimu huyu kijana, katika mji wa migodi ambako kila mtu alihesabiwa kwa kabila lake na pasi yake, aliwafundisha watoto kuliombea bara zima. Hakutaja Waxhosa, wala koloni lolote, wala mfalme wa Kiingereza. Alitaja Afrika.

Wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Boweni wa kanisa la Kimethodisti. Na Boweni hakuwa Mxhosa. Alikuwa Mshangaan, wa watu ambao ardhi yao imekatwa na mpaka wa Afrika Kusini na Msumbiji. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa wimbo huu ulipotoka nje ya darasa, uliimbwa na Mxhosa kwa ajili ya mtu wa kabila jingine na lugha nyingine, katika mji uliokuwa ugenini kwa wote wawili. Tunaomba msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia.

Wengi wanaomjua Sontonga wanamjua kwa wimbo mmoja tu, kana kwamba aliamka siku moja, akautunga, akalala tena. Sivyo. Alitunga nyimbo nyingi na kuziandika kwa mkono katika daftari, kwa maneno na solfa, akikusudia siku moja zichapwe kitabu. Waliozijua walisema kwamba nyingi zilikuwa za huzuni, kwa sababu ya mateso aliyoyaona kwa Waafrika wa Johannesburg. Kwaya yake ilizunguka ikiziimba mjini hapa na Natal. Kwaya nyingine zilizisikia zikazitaka, na hata baada ya kifo chake walimu wa kwaya walikuwa wakienda kwa mjane wake kuliazima daftari.

Kuazima, ndugu zangu, tunakujua. Inasimuliwa kwamba daftari lilipita mikono mingi, mwishowe likawa mali ya bibi mmoja wa ukoo huo aliyeishi Soweto, mpenzi mkubwa wa ngumi, ambaye hakukosa pambano hata watu wakambandika jina la utani kwa ajili hiyo. Bibi huyo alifariki karibu na wakati ule ambapo taifa lilianza kumkumbuka Sontonga. Daftari halikuonekana. Kwa hiyo kazi zote za mtunzi huyu, vilio vyote alivyoviandikia Johannesburg ya migodi, vimetufikia kwa ubeti mmoja na kiitikio chake. Tunamtambua kama mtu anayetambuliwa kwa picha moja iliyosalia katika albamu iliyoungua.

Alifariki Aprili 18, 1905, kwa ugonjwa wa tumbo. Alikuwa na umri wa miaka 32. Aliacha mke kijana na mtoto mdogo. Kitabu chake hakijachapwa, na wimbo wake hata kuandikwa gazetini bado. Inasemekana kwamba Diana, kwa shida za ujane, aliziuza haki za nyimbo za mumewe kwa peni sita. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1929. Waganda miongoni mwetu watakumbuka hapa habari za George Wilberforce Kakoma, aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa la Uganda mwaka 1962. Uzeeni Kakoma alikwenda mahakamani kudai malipo ya utunzi wake, akafariki mwaka 2012. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Watunzi wa nyimbo za taifa wanaweza kuuliza: kwao wapi, na lini?

Lakini wimbo ulikwisha pata miguu. Kwaya ya shule ya Ohlange huko Natal, shule iliyoanzishwa na John Langalibalele Dube, iliuchukua na kuuimba katika matamasha Johannesburg na kwingineko. Januari 8, 1912, viongozi wa Kiafrika walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, na Dube akachaguliwa kuwa rais wake, uliimbwa mara baada ya sala ya kufunga. Oktoba 1923 mwandishi Sol Plaatje aliuimba London mbele ya mashine ya kurekodi, huku Sylvia Colenso akipiga piano. Mwaka 1925 ANC iliufanya wimbo wake rasmi wa kufungia mikutano. Mwaka 1927 mshairi mkubwa wa Kixhosa, S. E. K. Mqhayi, aliuongezea beti saba, na mtambo wa Lovedale, kulekule Sontonga alikosomea, ukauchapa. Mtunzi alikuwa kaburini miaka 22.

Kutoka hapo ulivuka mipaka bila pasi. Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ilisimama na sauti hii kwa maneno ya Kiswahili. Baada ya Muungano wa 1964 jina la nchi katika ubeti wa pili likabadilishwa kuwa Tanzania, na mengine yakabaki kama yalivyo. Mwaka huohuo wa 1964 Zambia nayo ilipata uhuru, ikaichukua sauti hiyo na kuipa maneno yake. Zimbabwe iliutumia kwa Kishona tangu 1980 hadi 1994. Namibia iliutumia kwa muda ilipopata uhuru mwaka 1990, mpaka ilipopata wimbo wake mwaka uliofuata. Mwalimu wa shule ya misheni, aliyezikwa bila kuwahi kuona hata noti yake moja imechapwa kitabuni, alizisimamisha nchi tano.

Wakati huohuo, nyumbani kwake ulikuwa wimbo wa mazishi na wa mahakamani, wa watu wenye ngumi juu mbele ya polisi. Wengi wa watu hao walikimbilia kwetu. ANC ilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilianzisha Mazimbu, nje kidogo ya mji huohuo, chuo cha Solomon Mahlangu, ambacho leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wasomaji wetu wa Morogoro wanajua. Mkimbizi wa Soweto na mkulima wa Kihonda waliposimama uwanja mmoja wimbo ukaanza, kila mmoja alifungua kinywa na kuimba wimbo wa nchi yake, na ukawa ni wimbo mmoja. Kwa mmoja ulikuwa wimbo wa serikali, na kwa mwingine ulikuwa wimbo ambao serikali yake isingependa kuusikia. Sauti zilikutana tena na besi pasipo mazoezi, kwa kuwa mwalimu wao wa kwaya alikuwa mmoja.

Ndugu zetu Wakenya wasione tumewasahau. Njia yao ilikuwa nyingine. Kabla ya uhuru wa 1963 iliundwa kamati ya wanamuziki watano, akiwamo Graham Hyslop na Washington Omondi, na sauti waliyoijenga ilitoka kwa Wapokomo wa mto Tana: wimbo wa mama anayembembeleza mtoto, walioupata kwa Mzee Meza Moroa Galana. Tunaipenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha jambo lilelile kutoka upande mwingine. Nchi moja ilipokea sauti kutoka kwa mama asiyejulikana jina, na nyingine kutoka kwa mwalimu wa shule ya misheni. Wala si jenerali wala gavana aliyewatungia. Nyimbo hizi kubwa zinazopigiwa saluti na majeshi zilizaliwa kwenye mkeka na mbele ya ubao.

Sasa tufike kaburini, maana ndipo shida yetu ilipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipokuwa dhahiri kwamba Afrika Kusini inabadilika na wimbo huu utakuwa wa taifa, watu walianza kuuliza: huyu Sontonga amezikwa wapi? Hakuna aliyejua. Hata mwaka wa kifo ulikuwa na utata. Vitabu vya zamani vilitaja 1904. Tangazo la msiba lililopatikana katika gazeti la Kixhosa, Imvo Zabantsundu, ndilo lililosaidia kuipata tarehe sahihi. Makaburi ya Braamfontein yalikuwepo wakati ule, nayo yaligawanywa kwa rangi na dini, hata maiti zisikae pamoja. Wahusika wa makumbusho ya taifa na wa bustani za jiji walifungua madaftari ya mazishi ya zamani na kutafuta kwenye herufi S. Walitafuta Sontonga. Hakuwepo.

Hakuwepo kwa sababu hakuandikwa hivyo. Karani wa mwaka 1905, alipoletewa maiti ya Mwafrika, hakujisumbua na jina la ukoo. Aliandika Enoch. Basi. Mtu aliyekuwa mwalimu, mhubiri, mpiga picha, mshairi na mtunzi, mume wa Diana, aliingizwa kwenye kitabu kama anavyoitwa mtumishi wa jikoni, kwa jina la kwanza. Walipotafuta kwenye herufi E wakampata, pamoja na namba ya kaburi lake, 4885. Juu ya ardhi hapakuwa na alama ya kumtambulisha. Nchi nzima imekuwa ikiuimba wimbo wake kwa karibu miaka mia, na yeye amelala chini ya nyasi karibu na reli, katikati ya jiji, ampitiaye asijue.

Septemba 24, 1996, Siku ya Urithi, Rais Nelson Mandela alifika Braamfontein. Kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, jiwe likazinduliwa, na Sontonga akapewa nishani ya juu ya utumishi bora, ambayo mjukuu wake wa kike aliipokea kwa niaba yake. Wimbo ulikwisha kuwa wa taifa tangu 1994, ukiimbwa pamoja na ule wa zamani wa Makaburu, Die Stem, ambao watunzi wake, Langenhoven wa maneno na de Villiers wa muziki, hawakupotea kaburini wala vitabuni. Mwaka 1997 nyimbo hizo mbili ziliunganishwa kuwa mmoja wa lugha tano. Leo barabara iendayo kando ya makaburi yale inaitwa Enoch Sontonga. Majina yote mawili.

Kwa nini tunasema shida yetu ipo hapo? Kwa sababu sisi tunaoishi Johannesburg tunajua watu walioandikwa Enoch. Tunajua kijana aliyeingia kwa hati ya mtu mwingine, akafanya kazi kwa jina hilo, akapanga chumba Yeoville kwa jina hilo, na siku alipougua akalazwa kwa jina hilo. Akifa, hospitali humtafuta ndugu wa mtu asiyekuwepo, na mama yake Tanga au Kigoma hungoja simu ya mtu ambaye katika kitabu cha mji huu hakuwahi kufika. Tunajua wanaoitwa kwenye migahawa na gereji kwa jina moja alilowabandika tajiri kwa kuwa lao lilimshinda kutamka. Wanacheka, wanaitika, miaka inapita. Tunajua misiba ambayo michango ilikusanywa upesi, watu wakajitokeza wengi, na kumbe katika umati wote ule hapakuwa na mtu mmoja aliyelijua jina la ukoo la marehemu.

Na tunajua pia mambo ya Mei 2008, watu 62 walipouawa katika ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra, na 21 kati yao wakawa ni Waafrika Kusini wenyewe. Yamerudi tena 2015, yakarudi 2019. Siku kama hizo tunafunga maduka mapema na kuwaambia watoto wasiongee Kiswahili kwenye teksi. Hatuandiki haya ili kuwasema wenyeji wetu. Wengi wao walituficha ndani ya nyumba zao. Tunaandika kwa sababu ya ubeti ule wa kwanza. Tumeuimba tangu darasa la kwanza bila kuufikiri. Unaiombea Afrika kwanza. Nchi yetu inakuja katika ubeti wa pili. Watanzania wengi hawajui kwamba mpangilio huo si wa nchi zote, na Waafrika Kusini wengi hawajui kwamba huko kaskazini wako watoto wanaoliombea bara zima kila asubuhi kabla ya kujiombea. Mpangilio huo ulianzia kwa Sontonga. Yeye aliuandika katika mji huuhuu, akaimbiwa nao Mshangaan. Anayetuambia hapa kwamba wimbo wetu tumeuiba, na sisi tunaowaambia kwamba wao ndio walioiba, sote tunabishana juu ya mali ya mtu ambaye hakumkusudia mmoja wetu peke yake.

Tulikwenda Braamfontein Jumapili moja mchana, watu wachache, wakubwa kwa watoto. Makaburi ni makubwa, yana miti mirefu, na kelele za mji husikika kwa mbali. Mlinzi alituonyesha njia bila kutuuliza tunatoka wapi. Tulisimama mbele ya jiwe. Mzee mmoja wetu, mtu wa kwaya tangu ujana wake, alitoa sauti ya kuanzia, soprano wakaingia, na sisi wa besi tukafuata kama kawaida yetu, tukichelewa kidogo. Familia moja ya wenyeji iliyokuwa ikipita ilisimama. Walisikiliza ubeti wa kwanza, na wa pili wakauingia kwa lugha yao. Hakuna aliyemweleza mwenzake kitu. Tulipomaliza tuliamkiana, tukaachana.

Njiani kurudi, mtoto mmoja aliuliza kwa nini mtu aliyetunga wimbo wa nchi nyingi hivyo alipotea. Tulimjibu kwamba hakupotea; aliandikwa vibaya. Akauliza tena: sisi tumeandikwa wapi? Hilo hatukuweza kulijibu barabarani.

Basi tunaomba jambo moja dogo. Katika kila kikundi chetu cha kufa na kuzikana, pawepo na daftari. Kila mtu aandikwe humo jina lake lote, la kwake, la baba na la ukoo, kijiji chake, na jina la mtu wa kupigiwa simu; hata kama hati zake zinasema jingine, humo aandikwe la kweli. Na mwenye daftari asiliazimishe.

Na siku ya Desemba 9 tutakapokutana tena, baada ya wimbo na kabla ya chakula, mmoja wetu asimame amtaje mtunzi. Enoch Mankayi Sontonga, wa Uitenhage, mwalimu wa Nancefield. Amtaje kwa majina yake yote.